Nguvu Ipi? Kuteua Betri ya Lithiamu kwa Kigari cha Gofu

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofikia shahada ya uzamili, jamaa zake huacha kumwuliza atafanya kazi gani, wakaanza kumletea karatasi. Huletewa barua za mashamba, fomu za hospitali, maelezo ya dawa na kila kilichoandikwa kwa Kiingereza kigumu, maadamu inaaminika kwamba aliyesoma lugha kiasi hicho hawezi kushindwa na karatasi. Mimi mwaka jana niliacha kwa muda tenzi ninazozitafiti nikaketi na mjomba wangu mbele ya kurasa 14 zilizohusu betri za lithiamu.

Yafaa kwanza nimjulishe msomaji kwa mjomba huyu. Kwa miaka 22 alikuwa fundi wa vigari vya gofu katika uwanja mmoja wa pwani, kaskazini ya Mombasa. Vigari hivyo ni vile vidogo visivyo na milango, ambavyo hubeba wachezaji na mikoba yao ya vijiti kutoka shimo hadi shimo, na aghalabu huendeshwa kwa umeme. Alipostaafu, alinunua mnadani kimoja kilichochakaa, akakipiga rangi, akakifunga viti vinne, kwa nia ya kukikodisha kwa nyumba za wageni na kwa harusi za ufuoni, ambako daima hapakosi bibi wa kusafirishwa kutoka barabarani hadi penye mahema. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa betri. Sita za zamani zilikuwa zimekufa, na kiinua mgongo kilichosalia kingetosha kununua nyingine mara moja tu. Akikosea, mradi wote ungekuwa pambo la uani.

Betri hizo za zamani ni za risasi na tindikali. Asili yake ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na mjomba anazijua kama mvuvi anavyojua nyavu zake. Alizitia maji ya betri kila wiki, akazisugua vichwa vilivyoota ukoga wa kijani kwa hewa ya chumvi, na mashati yake yote ya kazi yana matundu ya tindikali kifuani. Sita za volti 8 kila moja, zikifungwa kwa mfuatano, chanya ya hii kwa hasi ya ile, hutoa volti 48. Uzito wake kwa pamoja ni takriban kilo 170, yaani kigari hubeba watu wazima wawili kabla abiria wa kwanza hajapanda. Angeweza kununua sita nyingine kama hizo na kuendelea na dunia anayoijua. Ila alikuwa na miaka 61, na mgongo wake ulikuwa na maoni yake kuhusu kuinua betri.

Jambo la kwanza lililonidhihirikia katika karatasi zile ni kwamba lithiamu ni jina la ukoo, si jina la mtu. Wauzaji hutamka neno hilo moja kana kwamba limemaliza maneno yote, ilhali ndani ya ukoo huo mna ndugu wasiofanana tabia. Wapo wanaochanganywa na nikeli na kobalti, ambao hubeba umeme mwingi katika uzito mdogo lakini huwa wepesi zaidi kushika moto wakipata joto la kupindukia au jeraha. Wapo pia wa fosfati ya chuma, wazito kidogo zaidi, watulivu, wenye kustahimili kuchajiwa na kutumiwa mara 2,000 na zaidi. La ajabu ni kwamba njia zote mbili zinapitia kwa mtu mmoja. Mwaka 1980, akiwa Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha jinsi kobalti inavyofaa katika betri ya lithiamu. Katika miaka ya 1990, maabara yake katika Chuo Kikuu cha Texas ikaonyesha kwamba chuma na fosfati pia vyafaa. Alipotunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, alikuwa na umri wa miaka 97.

Nilimweleza mjomba kwamba zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, pande za Kolwezi na Likasi. Akauliza, "Na hao wachimbaji husema lugha gani?" Nikamwambia Kiswahili, si hiki chetu cha Mvita, lakini ni Kiswahili. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niiweke kando karatasi ya kobalti. Sikumwuliza kama ni kwa sababu ya moto au kwa sababu ya wachimbaji.

Zilisalia karatasi tatu, zote za fosfati ya chuma, na hapo ndipo lugha ilipotukwamisha. Mjomba alikuwa amewapigia simu wauzaji wote watatu, na kila mmoja alimhakikishia kwa Kiswahili kwamba betri yake ndiyo yenye "nguvu zaidi". Karatasi za Kiingereza zilitumia maneno matatu tofauti mahali ambapo wauzaji walitumia hilo moja. Kamusi nilizokuwa nazo zilinipa kawi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita nishati, zikanipa uwezo, zikanipa na nguvu yenyewe. Nilimsomea zote. Alinisikiliza kwa heshima ambayo watu wa makamo huwapa wasomi, kisha akasema, "Mwanangu, hebu tuanze na kisima."

Kisima, alisema, kina maji ya kiasi fulani: hizo ndizo ampia-saa. Kina pia mdomo, ambao huamua ndoo ngapi zitatoka kwa mpigo: hizo ndizo ampia. Mtu aweza kuwa na kisima kirefu chenye mdomo wa chungu. Nami nikamwongezea kwamba ukizidisha ampia-saa kwa volti, unapata kawi yote iliyomo kisimani. Tangu hapo hatukulitumia tena neno nguvu pasipo kuuliza ni ipi.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa tarakimu. Betri zake za zamani ziliandikwa ampia-saa 170. Hizi mpya, kwa bei iliyozidi maradufu, ziliandikwa 105. Mtu gani mwenye akili hulipa zaidi ili apate kidogo? Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Volti 48 kwa 170 ni wati-saa 8,160. Lakini fundi yeyote ajua kwamba betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, hufa mapema. "Ukipita nusu unachota tope," kama alivyosema mwenyewe. Basi zinazotumika ni kama 4,080. Tena zile 170 hupimwa betri ikinyonywa polepole kwa saa 20, ilhali kigari huinyonya kwa pupa, na risasi ikinyonywa kwa pupa hutoa pungufu. Betri ya lithiamu ni volti 51.2 kwa 105, yaani wati-saa 5,376, na hata ukiishia kwenye asilimia 80 umepata 4,300. Aliitazama bahasha kwa muda mrefu. Kisima kidogo kilikuwa na maji safi mengi zaidi.

Hizo volti 51.2 zina habari yake, na hapa naomba radhi kwa msomaji asiyependa arudhi. Seli moja ya fosfati ya chuma hutoa volti 3.2, na betri nzima ni seli 16 zilizopangwa kwa mfuatano. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa kuwa 16 ndiyo idadi ya mizani katika mshororo wa shairi letu la kawaida, nane za ukwapi na nane za utao. Na kanuni ni ile ile. Seli moja ikiwa dhaifu, nyingine 15 hazina faida, kwa sababu mlinzi wa betri hukata umeme wote pindi seli yoyote inaposhuka kupita kiasi. Ni betri guni. Mlinzi ninayemtaja ni bodi ndogo ya kielektroniki ndani ya kasha, inayosimamia kila seli isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa. Karatasi ziliiita kwa herufi tatu za Kiingereza. Mjomba aliiita sarahangi, yule msimamizi wa mabaharia chomboni. Tangu nianze masomo nimehudhuria warsha kadhaa za istilahi, na sidhani nimesikia humo pendekezo lililonikaa vizuri kama hilo. Labda tungewaalika mafundi.

Sarahangi ndiye aliyeamua uteuzi. Karatasi ya kwanza, iliyokuwa ya bei nafuu, ilisema bodi yake huruhusu ampia 100 mfululizo. Mjomba alitikisa kichwa. Kutoka ufuoni hadi barabarani pana mwinuko wa mchanga, na kigari chenye abiria wanne kikianza kupanda huweza kuvuta zaidi ya ampia 200 kwa sekunde kadhaa. Bodi ya 100 ingekata umeme katikati ya kilima, bibi harusi akiwa ndani. Karatasi ya pili ilihusu betri nne ndogo za kufungwa kwa mfuatano, kila moja na bodi yake. "Masarahangi wanne chombo kimoja," alisema, na mjadala ukaishia hapo. Ya tatu ilikuwa kasha moja la ampia-saa 105, bodi ya ampia 200 mfululizo na zaidi kwa muda mfupi, uzito usiofika kilo 60. Muuzaji alitaka kumwongezea kipashajoto cha kuikinga betri isichajiwe kwenye barafu, na ni kweli kwamba lithiamu haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Mjomba alimwuliza kama amewahi kufika Kilifi mwezi wa Februari.

Chaja ya zamani ilibidi iachwe, kwani chaja ya risasi hupandisha volti kwa namna isiyofaa seli hizi. Ya lithiamu yenye seli 16 hukoma penye volti 58.4. Kipimo cha dashibodi nacho kilibadilishwa. Volti za risasi hushuka kadiri betri inavyotumika, kwa hiyo mshale husema kweli. Za fosfati ya chuma hukaa palepale karibu safari nzima kisha huporomoka, na mshale wa zamani ungeonyesha betri imejaa hadi dakika ya mwisho.

Kigari kinatembea tangu Agosti. Mjomba alijaza nafasi iliyobaki chini ya kiti kwa mbao, akazikaza kwa mikanda, kwa sababu kasha jipya ni dogo na hataki licheze. Anachokikosa, aliniambia, ni Jumamosi asubuhi, alipokuwa akizungukia betri na birika la maji kama mtu anayemwagilia bustani.

Betri sita za zamani bado ziko nyuma ya nyumba yake, juu ya mbao, zimefunikwa turubai. Risasi ina soko, na wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani zao za kupimia karibu kila wiki. Lakini mjomba ana marafiki Mikindani, na sote wa pande hizi twaijua habari ya Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, wakiwamo watoto, hadi kikafungwa mwaka 2014. Mahakama iliwatunuku wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024. Kwa hiyo kila mnunuzi anapokuja, mjomba humwuliza swali moja kabla ya bei: zikitoka hapa zinapelekwa wapi? Hadi ninapoandika makala haya wamekwisha kuja watano. Wanne walitaja bei. Wa tano alisema ataulizia, akaacha nambari ya simu, na mjomba ameibandika ukutani kando ya chaja mpya.