MTAKA CHA MVUNGUNI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini hawakutuambia ainame kiasi gani, wala akishainama atainukaje. Hilo ndilo swali lililonisumbua likizo nzima, na ndilo ninalowaletea, walimu wangu wapendwa na wanachama wenzangu, katika jarida letu la mwaka huu.

Swali lenyewe lilianza na jino. Naam, jino, tena la papa. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alinionyesha kwenye simu yake filamu fupi ya Wamarekani wanaopiga mbizi katika Mto Cooper, jimbo la South Carolina. Maji ya mto huo ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea, na kwa kuwa mto hupanda na kushuka pamoja na bahari, mkondo wake si mchezo. Mpiga mbizi hubeba mtungi wa hewa mgongoni na kujifunga vipande vya risasi kiunoni ili azame. Akifika chini hukita chuma chenye ncha kwenye sakafu ya mto, akajishikilia asichukuliwe na maji. Hata akiwa na tochi, mara nyingi haoni mbali kuliko urefu wa mkono wake. Hapo ndipo anapopapasa changarawe, jiwe baada ya jiwe, mpaka vidole viguse kitu laini chenye umbo la pembetatu.

Kitu hicho ni jino la megalodoni, papa mkubwa ajabu aliyetoweka duniani yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Papa hana mifupa migumu kama yetu. Kiunzi chake ni gegedu, kama lile la masikio yetu, nalo huoza upesi. Meno ndiyo hubaki, na papa mmoja humwaga maelfu ya meno maishani mwake. Jino kubwa kabisa la megalodoni hukaribia sentimita 18, yaani ukilishika limejaa kiganja na kuzidi. Meno hayo yamezikwa katika matabaka ya udongo ambao zamani ulikuwa sakafu ya bahari. Mto unapoyala matabaka hayo, udongo mwepesi huenda na maji, na meno mazito hubaki chini pamoja na changarawe. Mto ndio mchimbaji. Binadamu huenda kuokota tu.

"Unaona, bwana mdogo?" kaka akaniambia. "Hao nao ni wachimbaji kama sisi. Tofauti ni kwamba wao wana maji, sisi tuna vumbi. Ukimaliza Kidato cha Nne njoo tufanye kazi. Hesabu unazopiga darasani, njoo uzipige kwa gramu."

Kaka yangu ni mchimbaji wa vito upande wa Kamtonga. Si mtu wa kupuuzwa. Karo yangu ya muhula wa pili mwaka jana aliilipa yeye, kwa jiwe moja la kijani lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mtu wa namna hiyo akikuita kazini huwezi kumjibu ovyo ovyo. Siku ile nilimwambia, "Nimesikia, kaka, acha nifikirie." Makala haya ndiyo yaliyotokana na kufikiria huko.

Kwanza tusidanganyane kwamba kupiga mbizi ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Hapa kwetu, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kuna chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu hupenya katika miamba ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi, kisha ikabubujika Mzima ikiwa maji safi kama kioo. Sehemu ya maji hayo huenda kwa bomba hadi Mombasa, na mengine huingia Mto Tsavo. Mpiga picha Alan Root na mkewe Joan walizamia katika chemchemi hizo kuwapiga filamu viboko na mamba. Mwaka 1974 kiboko mmoja aliwageukia huko huko majini. Nusura amjeruhi Joan usoni, kisha akamng'ata Alan mguuni. Wengine huenda mtoni kutafuta meno. Mzima, meno yalimtafuta mtu.

Je, meno ya papa tunayo? Msafiri anayetoka Voi kwenda Mombasa hupita Taru, halafu Maji ya Chumvi. Katika miamba ya Maji ya Chumvi kumepatikana visukuku vya samaki walioishi kabla ya megalodoni kwa mamia ya mamilioni ya miaka. (Ukiokota kisukuku, ndugu msomaji, usikimbilie kukiuza. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavilinda, na mahali pake ni Makumbusho ya Taifa.) Lakini ukirudi huku kwetu, Voi, Mwatate na Kasigau, miamba inakuwa ya zamani zaidi. Humo hutapata jino hata moja, na sababu yake ndiyo iliyonifungua macho.

Miamba yetu ni sehemu ya kile ambacho wanajiolojia hukiita Ukanda wa Msumbiji. Sehemu yake ilikuwa tope la bahari. Yapata miaka milioni 600 iliyopita, mabara mawili yaliyotengwa na bahari hiyo yaligongana. Bahari ikafungwa, tope likasukumwa chini sana, likapikwa kwa joto na kukandamizwa mpaka likageuka kuwa miamba tunayoiona leo. Papa walikuwa hawajazaliwa bado. Lakini katika tope lile mlikuwa na mabaki ya viumbe vidogo vya baharini, na hayo yaligeuka kuwa grafaiti, ule weusi unaopaka mikono ya wachimbaji. Mlikuwa pia na madini ya vanadiamu. Tope lilipopikwa, vanadiamu iliingia katika fuwele na kuzitia rangi ya kijani. Jiwe hilo ndilo tsavoraiti.

Kumbe basi kaka alisema kweli kuliko alivyojua! Yule wa Mto Cooper na huyu wa Kamtonga wote wawili wanapapasa gizani sakafu ya bahari iliyokufa. Mmoja anapanda na jino, mwingine anapanda na jiwe la kijani.

Tsavoraiti iligunduliwa na mwanajiolojia Campbell Bridges, kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha hapa Taita Taveta mwaka 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kuitangaza kwa jina lililotokana na Tsavo yetu. Fikirini: mwanamke wa New York huvaa jina la kwetu kidoleni, na mtoto wa Mwatate hajawahi kuliona jiwe lenyewe likiwa limekatwa. Vito hivyo pia vimemwaga damu. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, aliposhambuliwa na kundi la watu katika mgogoro wa uchimbaji.

Sasa nirudi kwa swali langu la kuinama na kuinuka. Mpiga mbizi akiwa maji ya kina cha mita 10, kanieneo inayomkandamiza ni mara mbili ya ile ya juu. Akizuia pumzi huku anapanda, hewa iliyo kifuani hutanuka na inaweza kupasua mapafu. Kwa hiyo hafundishwi ushujaa. Anafundishwa kupumua. Huingia darasani kabla ya kuingia mtoni, na hufundishwa asizame peke yake. Ana saa ya kumwonyesha hewa iliyobaki, na sheria ni kwamba apande hewa ikiwa bado ipo, hata kama ameshaliona jino liko pale mbele. Zaidi ya hayo, jimbo la South Carolina humtaka awe na leseni na atoe taarifa ya alichookota.

Na kaka yangu je? Hushuka kwa kamba ya katani kwenye shimo refu kupita mnazi, kisha hutambaa kwa magoti kufuata mkanda wa mwamba unaoonyesha dalili. Vifaa vyake ni nyundo, patasi, mtaimbo na tochi ya kichwani. Kofia ngumu hana. Mvua ikinyesha, shimo linajaa maji na kuta zinalegea. Hewa ya chini ni nzito, na hakuna saa ya kumwambia imebaki kiasi gani. Nilimuuliza, "Sasa kaka, unajuaje wakati wa kutoka?" Akacheka. "Nikisikia kichwa kinauma, natoka."

Kamba hukatika pabovu, na pabovu pake si kamba ile tu. Siku alipotoa jiwe lililonilipia karo, nilikuwepo. Mnunuzi alilimulika kwa tochi, akalipima kwa mizani yake mwenyewe, akatikisa kichwa: "Lina nyufa ndani, mzee. Hili ni la kukusaidia tu." Akahesabu noti. Labda jiwe lilikuwa na nyufa kweli. Labda halikuwa nazo. Kaka hakuwa na mizani, hakuwa na lenzi, hakuwa na mtu wa kumuuliza. Aliyajua maumivu ya kulitoa, bei yake hakuijua. Tsavoraiti safi inayozidi karati 2 baada ya kukatwa ni adimu, na karati 5 ndizo zinazofanya gramu moja. Hesabu hiyo niliijua mimi baadaye, kutoka maktaba. Yeye, aliyelala kifudifudi gizani miaka sita, hakuna aliyewahi kumwambia.

Wengi hudhani vijana wanaoshuka mashimoni wanakosa akili au ni wavivu wa shule. Mimi nakataa. Anayetambaa chini ya mwamba siku nzima si mvivu, na kwa ujasiri hapungukiwi na yeyote wa Mto Cooper. Anachopungukiwa ni yale mengine: mafunzo kabla ya kushuka, mwenzake wa kumlinda, kibali mfukoni, na kujua alichoshika mkononi. Hayo hayachimbwi, hufundishwa.

Tena si mambo ya mbinguni. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumruhusu apate kibali, na inasema kwamba katika mrabaha wa madini asilimia 20 iende kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Hapa Voi kumejengwa kituo cha vito, ili mawe yapimwe na kukatwa hapa hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, ambacho kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, kinafundisha uhandisi wa migodi. Ni mwendo wa matatu tu kutoka hapa tulipo. Ni wangapi kati yetu wameutaja katika orodha ya vyuo wanavyovitaka? Sote tunaimba Nairobi, Nairobi.

Basi jibu langu kwa kaka nimekwisha kulitoa, na sikulitoa kwa dharau. Nilimwambia: "Kaka, nitakuja, lakini sitaanza na kamba. Nitapitia fizikia, kemia na jiografia kwanza. Nikija, nije na lenzi na mizani, na nijue mwamba upi unaegemezwa magogo na upi unakimbiwa. Nawe huku nyuma tafuta kibali, na usishuke peke yako." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Miaka mingapi hiyo?" Nikamwambia, labda sita. Akasema, "Mimi miaka sita nimeshakaa humo ndani. Mwamba haujui kungoja, bwana mdogo."

Sina jawabu la maneno hayo. Bado anashuka. Alichokubali ni kwamba sasa kuna mwenzake anayekaa juu ya shimo kila saa, na mvua ikianza hawaingii. Wiki iliyopita nilimnunulia lenzi ndogo kwa pesa nilizoweka akiba, na nimemwandikia katika karatasi jinsi ya kugeuza gramu kuwa karati. Anaitunza mfukoni pamoja na kitambulisho.

Wenzangu, wengi wenu mna kaka, baba au mjomba mashimoni. Mkienda likizo ya Agosti, msiwaulize wamepata nini. Waulizeni nani anakaa juu.

Kalamu yangu imefika ukingoni. Kiswahili kitukuzwe!