Lugha Hufa kwa Aibu Kabla ya Uzee



Huko Upington, Afrika Kusini, Bibi Katrina Esau, aliyezaliwa mwaka 1933, anajulikana kuwa msemaji wa mwisho wa N|uu, mojawapo ya lugha za kale za Wasan. Utotoni mwake familia yao iliishi kwenye shamba la Mzungu. Walikatazwa kuongea lugha yao, wakaambiwa ni lugha mbaya, wakahamia Kiafrikana. Hakuna aliyewakata ndimi. Aibu ilitosha.

Mimi ni Msandawe wa Chemba. Lugha yetu nayo ina vidoko, zile sauti zinazopigwa kwa ulimi. Wasemaji tungali wengi, lakini aibu ile naijua. Kijana wetu akiwa mjini, mama yake akipiga simu, hutoka nje kuipokea ili wenzake wasimcheke. Baadaye huanza kumjibu mama kwa Kiswahili. Mtoto wake hatakuwa na lugha ya kuficha. Kiswahili nakipenda, kimetuunganisha. Lakini hakikutuomba tuzike kingine.

Katika falsafa tunajifunza kwamba mtu ni kiumbe wa mahusiano. Basi msemaji wa mwisho hakupungukiwa maneno, amepungukiwa wa kumwitikia. Bibi Katrina alilielewa hilo. Watafiti walirekodi sauti yake, lakini yeye aliwakusanya watoto nyumbani kwake akawafundisha salamu, nyimbo na majina ya wanyama. Mwaka 2021, pamoja na mjukuu wake Claudia Snyman, alitoa kitabu cha watoto chenye hadithi ya kobe na mbuni.

Sisi Wakristo tuna sababu zaidi. Marko aliandika Injili kwa Kigiriki, lakini aliyaacha humo maneno ya Yesu kwa Kiaramu: Talitha kumi, Efatha, Aba. Hakuona haya kwamba Bwana aliponya na kusali kwa lugha ya nyumbani kwao.

Ndugu mseminari, likizo inakaribia. Ukifika nyumbani, msalimie bibi kwa lugha yake, wadogo zako wakisikia. Nawe mzazi, usimjibie mtoto anaposalimiwa na babu, mwache ajaribu. Siku moja, tukijaliwa upadre, mgonjwa atatuita kitandani kwake, na toba yake itamjia kwa lugha aliyonyonya kwa mama. Mungu atujalie awepo wa kumwitikia.