Dhahabu, Nabii na Kitabu: Kutoka Nairobi hadi Nyasubi

NYASUBI, KAHAMA

Katika kata hii ya mji wa Kahama, Tanzania, dini na dhahabu zinapita barabara moja. Mabango ya mikutano ya injili yana picha za manabii na mitume wenye suti, na chini yake wanapita vijana waliotoka kwenye karasha, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi.

Mzee mmoja, mchimbaji wa miaka mingi, alinikaribisha kivulini. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikia, kisha tukaongea habari za maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu.

“Duara halifunguliwi hivi hivi, mwanangu,” aliniambia. “Mwamba una wenyewe. Lazima kwanza uulize.”

Nikataka kujua wanamuuliza nani. Wengine mganga, alisema, na siku hizi wengine nabii. Jibu anapewa mtu mmoja, faraghani. Likitimia, jina la mtabiri linakua. Lisipotimia, mchimbaji ndiye anayeambiwa kwamba amekiuka masharti.

NAIROBI

Nilikuwa nimefika Kahama nikitokea Nairobi, ambako Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi tunalijua kama la Wamormoni, liliweka wakfu hekalu lake Mei 2025. Kenya ililitambua kanisa hilo mwaka 1991. Waumini niliozungumza nao walikuwa na Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili, na kwao kinasimama pamoja na Biblia, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu.

Asili ya kitabu hicho isingemshangaza yule mzee wa Nyasubi. Joseph Smith alikuwa kijana wa familia ya wakulima karibu na Palmyra, jimbo la New York. Mwaka 1825 mtu aitwaye Josiah Stowell alimwajiri atafute fedha iliyosemekana kufukiwa na Wahispania, kwa kuwa kijana huyo alisifika kwa kuona vilivyofichika akitumia jiwe. Kanisa lenyewe lilichapisha picha ya jiwe hilo mwaka 2015. Smith alieleza kwamba mwaka 1823 malaika Moroni alimwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyozikwa kilimani, naye akakabidhiwa mwaka 1827. Machi 1830 kitabu kilitoka, nakala 5,000, baada ya mkulima Martin Harris kuweka shamba lake rehani ili mchapaji alipwe.

Hapo ndipo njia za Palmyra na Nyasubi zinapoachana. Mabamba yenyewe hayapo. Wamormoni wanafundisha kwamba yalirudishwa kwa malaika. Kilichobaki mikononi mwa watu ni maandishi, pamoja na majina ya mashahidi kumi na mmoja waliosema waliyaona mabamba hayo. Anayekubali anasoma, na anayekataa anasoma pia.

Lakini maandishi peke yake hayakuwalinda wote. Kuanzia mwaka 1852, rais wake wa wakati huo, Brigham Young, alipotangaza katazo, hadi Juni 1978, kanisa hilo liliwanyima ukuhani wanaume wenye asili ya Afrika. Muda huo wote, Kitabu cha Mormoni, katika Nefi wa Pili sura ya 26, kilikuwa kikifundisha kwamba mweusi na mweupe ni sawa mbele za Mungu. Huko Ghana, Joseph William Billy Johnson alikisoma na kukihubiri tangu mwaka 1964, bila kukubaliwa kubatizwa. Alingoja miaka 14. Baada ya Rais wa kanisa, Spencer W. Kimball, kutangaza ufunuo wa kuliondoa katazo hilo, ulisomwa mbele ya mkutano mkuu Septemba 30, 1978, waumini wakanyoosha mikono kuukubali, na sasa umo ndani ya Mafundisho na Maagano. Kosa la miaka 126 linaonekana kwa sababu lina tarehe na maandishi.

KAHAMA TENA

Maneno ya faraghani yameacha nini huku? Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Tanzania, ikikaa hapa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino kutoka Bukombe, mwenye umri wa miaka 14. Mauaji ya namna hiyo yalichochewa na imani, iliyoenezwa na baadhi ya waganga, kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri, migodini pia. Januari mwaka huohuo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alikuwa amefuta leseni za waganga wa jadi. Maneno ya faraghani waliyasikia wachache, aliyeuawa ni mtoto.

Si waganga wote wenye damu mikononi, wala si manabii wote wa mabangoni ni waongo. Ninachoshikilia ni hiki: anayesema kwa jina la Mungu aseme mbele ya watu, maneno yake yaandikwe kwa tarehe, na mnyonge awe na haki ya kuyasoma na kuyahoji. Johnson alifanya hivyo Ghana akiwa hana cheo chochote katika kanisa hilo. Mchimbaji wa Nyasubi naye ana haki hiyo. Nabii akimkataza asirudie kwa mtu mwingine alichoambiwa, hiyo peke yake inatosha kumfanya aondoke.