Daktari Nilimuuliza Bei Tu

Ploti yetu ya Umoja ina geti moja, na kila mpangaji anayetoka kununua maziwa huliacha wazi. Mwenye mbwa jike mahali kama hapo anafaa kumfunga kizazi mapema. Mimi sikumfunga wangu, Chui.

Hoja nilikuwa nazo. Jike lazima azae mara moja ndipo atulie. Akifungwa atanona, atalala mchana kutwa, wezi wapite wakimsalimia. Haya yote niliyapata kwa majirani. Daktari wa mifugo nilimuuliza bei tu, nikamwambia nitarudi.

Chui alipata joto la kwanza kabla hajafikisha mwaka. Mbwa koko wakapiga kambi getini, na baada ya siku 63 hivi tukawa na watoto chini ya tangi la maji. Niliwagawa kwa kubembeleza watu. Wengine sijui waliishia wapi. Basi alikuwa ameshazaa mara yake moja, na bado sikumpeleka. Nilipata kwenye agroveti sindano ya homoni ya kuzuia joto, rahisi kuliko upasuaji, na joto lilipokosa kurudi nikajiona mjanja kiasi cha kuwashauri wenzangu.

Kisha Chui akaanza kunywa maji bila kukoma. Kwetu mfereji huja kwa zamu, mara nyingi tunanunua ya mtungi, kwa hiyo nilichofanya ni kunung'unika kwamba anatumalizia maji. Nilimpeleka alipoacha kula. Daktari alimpapasa tumbo, akaniuliza kama amewahi kudungwa sindano ya kuzuia joto. Kabla sijajibu nilishaelewa. Nilimdunga mimi.

Homoni ile hunenepesha kuta za kizazi kana kwamba mimba yaja, na bakteria wakiingia humo, usaha hujaa. Jike asiyefungwa huweza kuugua hivyo hata bila sindano, wiki chache baada ya joto, hasa umri ukisonga. Sindano huongeza hatari. Kiu ilikuwa dalili.

Alifanyiwa upasuaji uleule niliouahirisha, safari hii akiwa mgonjwa, kwa bei ya juu zaidi. Hakuamka.

Kama una jike, akifikisha miezi mitano hivi ongea na daktari, kabla ya joto la kwanza. Akifungwa wakati huo, hatari ya uvimbe wa matiti hupungua sana. Mbwa wa mwili mkubwa huenda ukaambiwa umngoje akomae. Joto likikutangulia, mfungie ndani na usubiri miezi miwili au mitatu kabla ya upasuaji, maana wakati wa joto mishipa ya kizazi hujaa damu. Hakuna haja ya kungoja azae mara moja kwanza. Pesa zikiwa haba, kaulize shirika la kutetea wanyama, KSPCA, kule Karen, au kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Sindano ya agroveti iache dukani.