Sura Inayofuata

Mwaka 1971 baba alipata barua kutoka Mwanza. Rafiki yake alikuwa amemtafutia kazi ya ukarani, yenye mshahara uliozidi kwa mbali kile tulichopata kwa kahawa ya kibanja chetu huko Bukoba vijijini. Siku hizohizo alikuwa akisoma Mwanzo, akafika sura ya 12, pale Abramu anapoitwa atoke katika nchi yake. Akaifunga Biblia, akasema Bwana amesema.

Kwetu neno kama hilo halikuishia kinywani mwa mtu mmoja. Wazazi wangu walikuwa wandugu, watu wa Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka mpaka ukaingia Karagwe na Bukoba, kwa Waanglikana na Walutheri pia. Hata Askofu Josiah Kibira, aliyeongoza dayosisi yetu wakati ule, alikuwa mtu wa Uamsho. Kila wiki walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakaimba Tukutendereza, wakasoma Neno, kisha kila mtu akaeleza hali ya moyo wake. Safari, posa, kesi ya shamba, hata kununua ng'ombe: yote yaliwekwa nuruni kabla hayajaamuliwa. Sisi watoto tuliketi sakafuni penye nyasi, tukisikiliza.

Baba alipomaliza kueleza, wanaume walimshukuru Mungu. Ndipo mjane mmoja, aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu, akauliza, "Ndugu, mkeo anasemaje?" Nje ya nyumba ile, mwanamke hakumhoji mwanamume mbele za watu namna hiyo. Katika ushirika aliweza, na mpaka leo naamini hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema hana amani. Mwanza hakuwa na neno nayo. Baba na mdogo wake hawakusalimiana tangu babu alipofariki, kwa ajili ya mibuni iliyokuwa mpakani. "Naona tunakimbia," alisema.

Mjane akamgeukia baba. "Umeishia sura ya 12. Soma inayofuata."

Akasoma palepale, sauti ikizidi kushuka. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu wanagombana, nchi haiwatoshi, naye Abramu aliye mkubwa anamwachia mdogo achague kwanza. Hakuna aliyehubiri. Waliomba, wakatawanyika.

Barua ya Mwanza ilikaa bila jibu. Baba alikwenda kwa baba mdogo, hakufunguliwa mlango. Akarudi tena na ndugu wawili wa ushirika, akaomba msamaha, akasema, "Chagua wewe." Baba mdogo akachagua mibuni yote ya mpakani, iliyokuwa bora kuliko yetu yoyote. Jioni ile baba aliimba akikata majani ya ng'ombe, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia muda mrefu.

Siku hizi nawasikia wengi wakisema "Bwana amenionyesha", na hapo mazungumzo yamekwisha. Inanihuzunisha. Wandugu hawakudharau ndoto wala msukumo wa moyo. Waliamini kwa dhati kwamba Mungu husema na mkulima na mama wa nyumbani, na kwa sababu hiyo hasa hawakuthubutu kumsingizia. Walimuuliza mtu ameacha ugomvi wapi, anadaiwa na nani, wa nyumbani mwake wana amani gani. Walikuwapo waliozidisha, wakataka kuwaamulia wenzao hata mavazi, na hilo liliumiza watu. Lakini swali la yule mjane nimelitumia katika ndoa yangu na katika malezi ya wanangu, na sijaona linalolizidi.

Nafasi ya Mwanza ilichukuliwa na mtu mwingine. Mwaka uliofuata baba alikwenda hata hivyo, mama akiwa radhi, akapata kazi yenye mshahara mdogo zaidi. Kibanja chetu alikiangalia baba mdogo, na msimu wa mavuno alitutumia mikungu ya ndizi kwa meli ya MV Victoria.