Ndege Haipigi Hodi

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi za wanawake hapa Mombasa. Ni kazi ya amana kabla ya kuwa kazi ya sanaa. Wanawake wanapovua mabuibui ukumbini, huniamini kwamba picha zao hazitatoka nje ya familia. Shughuli ikiisha, humkabidhi mama wa bibi harusi kila kitu, nami sibakizi hata picha moja. Kwa miaka mingi nilidhani nimeijua vyema mipaka ya jicho langu. Kumbe nilikuwa sijaijua, hadi siku nilipopanda ndege ndogo kwenda kupiga picha za jangwa la Chalbi.

Mteja mmoja alikuwa akitayarisha kitabu cha picha za nchi yetu kutoka angani. Alitaka, kwa maneno yake, jangwa tupu lisilo na mtu. Mama hakupendezwa. Alinikumbusha marehemu Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri wa Kenya, aliyefariki mwaka 1996 ndege aliyosafiria ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Hatimaye aliridhia, kwa sharti kwamba mdogo wangu wa kiume anisindikize.

Tulilala Marsabit. Baada ya sala ya Alfajiri tulipanda Cessna ambayo mabawa yake yako juu, hivyo hayamzuii mtu kutazama chini. Rubani alikuwa ameung'oa mlango wa upande wangu. Mtandio niliubana kwa pini ndani ya jaketi, na kamera nikaifunga mkononi kwa mkanda, kwani kitu kikiponyoka huweza kuupiga mkia wa ndege. Tuliondoka mapema kwa sababu mbili. Jua la asubuhi huwa chini na kuvirefusha vivuli, na joto likishapanda, hewa huanza kuitikisa ndege kama mashua iliyopambana na mawimbi ya kusi.

Zamani za kale Chalbi palikuwa na ziwa. Maji yalikauka, ikabaki sakafu pana ya udongo na chumvi inayong'aa kwa weupe. Mvua kubwa ikinyesha, maji hurudi kwa muda, kisha hukauka tena. Nilisema Subhanallah mpaka mdogo wangu akacheka. Kisha nikaanza kuona mistari myembamba ikitoka pande zote na kukutana penye chemchemi na mikoche ya Kalacha. Zilikuwa njia za ngamia. Nilipiga picha mfululizo mpaka rubani akageuza ndege.

Usiku ule nilizifungua picha kwenye kompyuta. Moja ilizishinda zote: ardhi nyeupe, vivuli virefu, na kibanda cha mikeka kimesimama peke yake pembeni. Nilipoikuza, nilimwona mwanamke nyuma ya kibanda akioga. Alikuwa ametundika nguo kwenye miti kujisitiri pande zote ambazo binadamu angeweza kutokea. Upande uliobaki wazi ulikuwa wa juu. Alikuwa ameinua uso kuitazama ndege, mikono ameikumbatia kifuani.

"Dada, hakuna atakayemjua," mdogo wangu aliniambia. Alisema kweli. Lakini mwanamke yule alijijua mwenyewe, na alijua kwamba ameonwa. Dini yetu imetufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tubishe hodi na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Hodi haikuwekwa kwa ajili ya miguu pekee; imewekwa pia kwa ajili ya macho. Ndege haipigi hodi. Niliifuta picha ile, na siku ya pili nikamwomba rubani tuepuke visima na makazi.

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha picha nyingine mama aliyetukaribisha, Mgabra aliyekulia upande wa Kalacha. Nilimwambia ni picha za mahali patupu. "Nani amekwambia ni patupu?" aliniuliza. Akaweka kidole kwenye duara hafifu ambalo sikuwa nimelitambua. Hapo, alinieleza, palikuwa na boma la miiba, na watu wake wamehama na ngamia kufuata malisho. Akanionyesha njia iendayo kisimani na njia iendayo malishoni. Picha nilizodhani ni za jangwa zilikuwa picha za mtaa wa watu.

Niliporudi, mteja alizisifu picha, kisha akaniomba nizifute njia na maduara yale kwa kompyuta, ili jangwa lionekane halijaguswa. Nilikataa. Alichukua picha chache na kulipa sehemu ndogo ya tuliyopatana. Fedha zile nilikuwa nimezihesabia karo ya binti yangu, na muhula ule tulibanwa kwelikweli. Hata hivyo, sikuona namna ya kuwafuta watu katika ardhi yao kisha nikaulisha mwanangu ujira wake.

Nawaandikia haya kina mama wenzangu kwa sababu jicho la juu limekwisha kufika kwetu. Droni sasa huruka juu ya harusi zetu na juu ya nyua ambamo wanawake huanika nguo na kusukana nywele vichwa wazi. Kuta walizojenga wazee wetu zilizuia macho ya mpita njia, hazikujengwa kuzuia jicho la angani. Kinachobaki ni haya ya anayeshika kamera. Tuwafundishe watoto wetu, wanaoshika simu tangu wadogo, kwamba kuweza kuona si ruhusa ya kutazama.

Yule mama wa Chalbi hatayasoma maneno haya. Hata hivyo, namwomba radhi, na namwomba Mwenyezi Mungu amsitiri yeye nasi sote, duniani na Akhera. Amin.