Zamu ya Vyumbani

Kazi yangu Nairobi ilikuwa kutandika vitanda. Watu wa kwetu Malindi waliposikia nimeajiriwa Norfolk walidhani nimekuwa karani, maana jina la hoteli hiyo lilivuma hadi pwani, na marehemu baba hakuona haja ya kuwasahihisha. Niliingia mwaka 1983, nikitokea Chuo cha Utalii, kile kilichofunguliwa mwaka 1975 kando ya barabara ya Thika kwa msaada wa Waswisi. Chuoni tulifundishwa kila kitu isipokuwa kunyamaza. Hilo nilifundishwa na mkubwa wa zamu yangu, mzee wa Kikamba aliyeanza kazi ya hoteli kabla ya uhuru, enzi ambazo Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa za Nairobi kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu nyeupe na tarbushi, kuhudumia na kutoka.

Siku ya kwanza alinikabidhi toroli ya shuka akaniambia, "Kijana, sahau cheti. Nionyeshe pembe."

Pembe ndiyo mtihani. Shuka la chini hurushwa mara moja tu, likatua lenyewe, ukilivuta-vuta limeshakunjamana. Dobi hulipiga pasi likabaki na alama ya mkunjo katikati, na alama hiyo ndiyo unayoilaza juu ya uti wa godoro, toka kichwani hadi miguuni, ili pande mbili zining'inie sawasawa. Ukifika pembeni unainua ukingo wa shuka, unaulaza juu ya kitanda kama pembetatu, unachomeka kilichobaki chini ya godoro, kisha unaishusha ile pembetatu na kuibana kwa kiganja. Mzee alikuwa akipitisha ubapa wa mkono pale pembeni. Mkono ukikwama popote, aling'oa shuka lote bila neno, nami nikaanza upya. Foronya nayo ina mdomo, na mdomo huo hauelekezwi mlangoni. Sababu yake sikuwahi kuambiwa, na hadi leo nyumbani kwangu haielekei mlangoni.

Kabla ya shuka alipiga godoro kofi moja, kusikiliza. Alisema hoteli ile ilianzia kwenye godoro, na kwa namna fulani alisema kweli. Ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, Nairobi ikiwa mji wa mabati na mahema, miaka mitano tu tangu reli ifike. Wenye hoteli walikuwa Meja Ringer na mwenzake Winearls. Inasimuliwa kwamba magodoro yao ya mwanzo waliuziwa na Abraham Block, Myahudi wa kutoka Lithuania aliyekuja kupitia Afrika Kusini mwaka 1903, mfuko ukiwa mtupu. Akanunua kitambaa, akakishona, akakishindilia majani makavu. Mwaka 1927 akaichukua hoteli yenyewe. Katika hadithi zote za nyumba ile hiyo ndiyo niliyoipenda, ingawa tulioanzia kwenye godoro na kubakia hapo hapo tulikuwa wengi kumzidi yeye.

Wageni walipenda hadithi nyingine. Walipenda kusikia jinsi masetla wenye vyeo vya kurithi walivyojazana pale hadi hoteli ikataniwa kuwa Nyumba ya Malodi, na jinsi mmoja wao alivyoingia ukumbi wa chakula juu ya farasi. Zaidi ya yote walimpenda Roosevelt. Rais huyo wa zamani wa Marekani alifika mwaka 1909 na mwanawe Kermit, akiwinda kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Msafara wake ulirudi na vielelezo zaidi ya 11,000, kuanzia tembo hadi panya. Haikupita wiki bila mgeni kuniuliza Roosevelt alilala chumba gani. Nilijibu kwamba nyumba imejengwa na kuongezwa mara nyingi tangu wakati huo, jambo ambalo ni kweli na halimridhishi mtu. Wenzangu walikuwa wakarimu zaidi: kila mgeni aliambiwa ni chumba hiki hiki chako, bwana, na bakshishi yao ilionyesha.

Sikuwalaumu wageni. Mtu aliyelipa fedha nyingi kulala kwenye nyumba kuukuu anataka nyumba hiyo imwambie kitu usiku. Lakini historia huandaliwa kama chumba: kinachopendeza huwekwa mbele, na kabati hufungwa.

Kwenye kabati mlikuwa na usiku wa kuamkia mwaka 1981. Watu wakiwa mezani kuuaga mwaka, bomu lililipuka likabomoa upande wa ukumbi wa chakula. Waliokufa walizidi kumi, na majeruhi walikuwa makumi. Polisi walisema lilitegwa katika chumba cha juu na mtu aliyepanga kama mgeni yeyote, akaondoka nchini kabla ya saa ya mlipuko; kisa kilichotajwa ni ndege za Israeli kuruhusiwa kujaza mafuta Nairobi katika uvamizi wa Entebbe, Julai 1976. Mimi nilikuta pamejengwa upya. Mzee alinigusia mara chache, na kila mara aliishia kwenye kazi: mgeni akitundika kibao cha kutosumbuliwa kutwa kucha, kesho yake mwambie hausikipa, sanduku lisilosogezeka usilisogeze. Hapo nikaelewa kwa nini alifagia chini ya vitanda kwa kupiga magoti, na ufagio mrefu upo.

Na mlikuwa na mwaka 1922. Hilo hatukulizungumza na wageni, nasi wenyewe tulilizungumza tukiwa nje ya geti, tukingoja matatu. Harry Thuku alikuwa amekamatwa kwa kuupinga mfumo wa kipande na kodi, akafungiwa kituo cha polisi kilicho karibu kabisa na hoteli. Tarehe 16 Machi maelfu ya watu walikusanyika wakitaka aachiwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume aibu kwa kusita kwao, akasonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni wengi kuliko hao. Simulizi za siku ile zinasema pia kwamba masetla waliokuwa wamekaa kwenye baraza ya Norfolk waliungana na askari kupiga risasi kutoka pale pale. Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli, kati yake na Chuo Kikuu, inaitwa kwa jina lake, na mgeni hulitaja kwa dereva wa teksi bila kujua amemtaja nani.

Miaka ya tisini watu wetu walikuwa wameanza kuja kulala, si kuhudumia tu. Mzee mmoja wa Murang'a aliletwa na wanawe, zawadi ya uzee: usiku mmoja, chakula cha jioni, chai asubuhi. Alivaa koti zito na kofia ya manyoya, akakaa barazani. Nilikuwa napita na taulo aliponiita.

"Kijana wangu, ndipo hapa walipokaa?"

Nilijua anauliza nini. Nikamwambia, "Ndipo, mzee. Ila baraza yenyewe imetengenezwa upya."

"Haidhuru. Nigeuzie kiti."

Nikamgeuzia. Badala ya kutazama barabara na magari kama kila mtu, akawa anatazama hoteli, ameipa barabara mgongo. Mama yake, alisema, alikuwa katika umati ule akiwa msichana, na alikimbia hadi Pangani bila kuangalia nyuma. Hakuongeza neno, wala mimi sikuuliza. Alipomaliza chai yake aliniuliza kama sukari inalipiwa.

Asubuhi, wanawe walipokuwa chini wakilipa, niliingia chumbani na toroli. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Si kuvutwa-vutwa, kama wafanyavyo wageni waungwana wanaotaka kutusaidia, kimetandikwa. Mkunjo uko katikati, pembetatu zimebanwa, mdomo wa foronya umeupa mlango kisogo. Nilipitisha ubapa wa mkono pembeni, haukukwama. Nilimkimbilia mapokezi kumuuliza alijifunzia wapi. Akacheka, meno machache. "Nyeri, kwa mzungu wa kahawa. Nilikuwa boi wake hadi Emajensi."

Nikampigia simu mzee wangu wa Kikamba, aliyekuwa amestaafu kwao Machakos, kumweleza. Aliuliza jambo moja tu: kama nilibadilisha shuka. Nilibadilisha. Kanuni ni kanuni.

Sasa nimestaafu nami, na siku mbili kwa wiki nafundisha vijana katika chuo kidogo mtaani, kozi ya utunzaji wa vyumba. Kila kundi jipya huwapeleka mjini kwa miguu, toka kituo cha polisi hadi geti la Norfolk, nikiwaeleza yaliyotokea njiani. Mwendo wenyewe ni mfupi mno, na wengi hushangazwa na hilo kuliko na hadithi. Muhula uliopita binti mmoja, mwepesi wa kazi na wa maswali, alinivuta kando.

"Mwalimu, sasa mgeni akiniuliza historia ya hapa, nimwambie la Roosevelt au hili?"

"Mwambie yote mawili."

"Akichukia?"

Nikamwambia akichukia, amuulize chai ya asubuhi aletewe saa ngapi, aandike kwenye daftari, afunge mlango polepole.